Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Sensa na wa Kaunti: Tuhesabuni Jinsi Tulivyo

Kwa: Wakuu mnaosimamia sensa na takwimu za taifa
Kwa: Wakuu wa serikali ya kaunti yetu
Nakala: Wawakilishi wa wadi, machifu na manaibu wao

KUH: JINSI WATU WA KIJIJI CHETU WANAVYOANDIKWA KWA KABILA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima mnayostahili. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tulianza kwa mzee wa kijiji, tukaenda kwa naibu wa chifu, tukafika kwa chifu mwenyewe. Mwishowe tulipeleka kwenye ofisi ya kaunti ndogo barua yenye sahihi za wanaojua kuandika na alama za dole gumba za wazee wetu. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, nasi tukarudishiwa nakala. Tuliambiwa suala letu litaangaliwa. Tulipofuatilia, tuliambiwa ofisa aliyekuwa nalo amehamishwa.

Mimi ni mkulima wa miwa, na ni katibu wa kikundi cha maji cha kijiji chetu. Tuko katika ukanda wa sukari, chini ya vilima vya Nandi, pale ambapo kaunti za Kisumu, Nandi na Kericho zinakaribiana. Jina la kijiji sitalitaja, wala sitasema tuko katika kaunti ipi kati ya hizo tatu. Nikisema, nyumba chache za Wanubi na za Waogiek nitakazozizungumzia zitajulikana kabla jua halijatua, na wenye nyumba hizo wameniomba nisifanye hivyo. Ninyi mnatujua. Barua yetu mnayo.

Tatizo letu ni kwamba kwenye makaratasi yenu sisi ni watu wa kabila moja. Hatujawahi kuwa hivyo hata siku moja, na kila uamuzi unaofanywa juu yetu kwa kutegemea makaratasi hayo unamwacha mtu nje.

Naomba mkumbuke tulivyokutana hapa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imepita kwenye nyanda hizi: Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos. Waluo walikuwapo uwandani Kano, Wanandi na Wakipsigis vilimani, na Waogiek msituni Tinderet. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwapa Wahindi mashamba kuanzia Kibos kuelekea mashariki. Walilima miwa, na kiwanda cha Miwani cha miaka ya 1920 kikawa cha kwanza cha sukari katika nchi hii. Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliotumikishwa na Waingereza, walifanya makazi Kibos na kutoka hapo baadhi yao wakafuata reli. Uhuru ulipokuja, mashamba ya walowezi yaligawanywa kuwa makazi ya wakulima wadogo, na katika miaka ya 1960 viwanda vya Muhoroni na Chemelil vikaanza kazi. Wakata miwa wakaja kutoka Vihiga, Kakamega na Kisii. Wengi wao hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakajenga, na wajukuu wao sasa ndio wanaoendesha matrekta na bodaboda.

Hao ndio sisi. Siku ya soko utasikia Dholuo, Kinandi, Kikipsigis, Kiluhya, Kikisii na Kinubi katika foleni moja ya kupima mahindi, na bei ikibishaniwa kwa Kiswahili. Familia moja yenye asili ya Punjab ingali inalima miwa yake karibu na reli, kizazi cha nne. Mnapotuandika kabila moja, mnafuta watu ambao babu zao walikuwa hapa kabla ya kata yenyewe kupewa jina.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kabila la mtu hujazwa bila yeye kuulizwa

Sensa ya usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini kote, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumia vishikwambi. Kwenye orodha ya makabila ya sensa hiyo Wanubi wamo, Waogiek wamo, Wakenya wenye asili ya Asia wamo. Orodha hatuilalamikii. Tunalalamika kwamba swali halikumfikia mwenye jibu.

Kijana aliyekuja kwetu alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza. Aliketi na mwenye nyumba, akauliza kabila mara moja, akalijaza kwa wote waliolala humo usiku ule. Tunajua kwa kuwa alikuwa akisoma kwa sauti anachojaza. Mama mmoja wa Kinubi alimjibu salamu kwa Dholuo, lugha ya majirani zake tangu utotoni, akaandikwa Mluo. Kwenye kambi ya zamani ya wakata miwa jina la ukoo lilitosha, hakuna aliyeulizwa zaidi. Mke wa jirani yangu, Mkipsigis aliyezaliwa Londiani, aliandikwa kabila la mumewe, naye alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mboga. Alisema, “Mimi si wa kabila hilo.” Kijana akamwambia kwa upole kwamba mke ni wa kwa mume.

Huyo kijana simlaumu. Alifundishwa kwa muda mfupi, akatumwa kwa haraka, na hakuna aliyemweleza kwamba kosa dogo katika nyumba moja, likirudiwa kijiji kizima, linaondoa jamii nzima kwenye hesabu.

Halafu kuna watoto. Hapa kwetu mtoto mwenye baba Mnandi na mama Mluhya si jambo la kushangaza, ni wengi. Kishikwambi kina nafasi ya jibu moja tu, na jibu hilo kwa desturi ni la baba. Mtoto akisema yeye ni wa pande zote mbili, anasema kweli ambayo haina pa kuandikwa.

2. Hesabu za jamii ndogo zinapanda na kushuka kwa namna isiyoelezeka

Sensa ya 2009 iliwapata Waogiek 78,691. Ile ya 2019 ikawapata 52,596. Katika miaka hiyo kumi taifa zima liliongezeka kwa karibu watu milioni tisa. Theluthi moja ya Waogiek ilikwenda wapi? Wengine wametawanywa na kufukuzwa kutoka misituni, na hilo ni donda la peke yake. Lakini majirani zetu wa upande wa Tinderet wanaeleza pia jambo jepesi zaidi: wanazungumza Kinandi au Kikipsigis sokoni na shuleni, majina yao yanafanana na ya Wakalenjin wengine, na karani akisikia hivyo anajaza anachodhani na kwenda nyumba ya pili.

Hii ni jamii ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliitambua kuwa ya wenyeji wa asili katika hukumu ya 26 Mei 2017, baada ya serikali kupinga. Ikiwa wenye hukumu kama hiyo mkononi wanaweza kupungua theluthi nzima kwenye jedwali, Mnubi wa kijiji kisicho na wakili atajitetea kwa nini?

3. Hesabu hazishuki hadi mashinani

Jedwali la makabila la sensa ya 2019 linatoa jumla ya nchi nzima. Mtu wa kijijini akilisoma atajua Wanubi wa Kenya ni wangapi, na hatajua wangapi wako katika kata yake. Dini, elimu, maji, paa la nyumba, hayo tunayapata hadi ngazi ya chini kidogo. Kabila linabaki juu.

Jambo hili lina madhara ya moja kwa moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ni sheria nzuri. Lakini raia atazidai vipi akiwa hajui wachache ni nani, wako wapi, na walioajiriwa ni wa wapi? Nafasi za walimu wa chekechea na za wasimamizi wa vijiji zilipotangazwa, tuliomba tuonyeshwe jinsi asilimia 30 ilivyotimizwa katika wadi yetu. Tuliambiwa wadi yetu ni ya kabila moja, kwa hivyo kanuni hiyo haitugusi. Wachache wakishafutwa kwenye hesabu, sheria ya kuwalinda inakosa wa kumlinda.

4. Makaburi ya wazee wetu yameandikwa kuwa ardhi isiyotumika

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndilo lililotufanya tuanze kuandika barua.

Kando ya reli, ng’ambo ya shamba la miwa, kuna kipande cha ardhi ambacho Wanubi wa kijiji chetu wamekuwa wakizikia tangu enzi za babu zao. Makaburi ya Kiislamu hayana mapambo. Ni tuta la udongo, jiwe kichwani, pengine jiwe miguuni, na baada ya mvua mbili nyasi zimefunika. Anayepita kwa pikipiki hataona kitu. Kaunti ilipotayarisha mpango wa matumizi ya ardhi, kipande hicho kilitiwa rangi ya ardhi isiyotumika na kupangiwa kiwanja cha kupakilia miwa. Tulipouliza sababu, tulijibiwa kwamba takwimu za eneo hili hazionyeshi jamii yenye haja ya makaburi ya pamoja.

Nataka mwone jinsi jibu hilo lilivyozaliwa, kwa sababu sidhani kuna mtu aliyekusudia ubaya. Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin wa hapa huzika nyumbani, katika boma la marehemu. Mpangaji akiamini kwamba wote ni wa desturi hiyo, hatafuti makaburi ya umma. Hayamo akilini mwake. Wanubi huzika pamoja, na wengi wao hawana hati ya ardhi ya kuzikia hata kama wangetaka kuzika nyumbani. Kosa lilianza kwenye kishikwambi, likaingia kwenye ripoti, likahamia kwenye ramani, na sasa linakaribia kufika juu ya makaburi na trekta.

Mzee mmoja alimpeleka ofisa wa kaunti hadi kwenye kaburi la mama yake. Akalionyesha kwa mkono. Ofisa aliandika kwenye daftari, akapiga picha, akaondoka. Ramani haijabadilika. Tangu hapo, kwa kuogopa kuzika mahali ambapo pengine patafukuliwa, familia hizo hupeleka wafu wao Kibos au Kisumu mjini. Mwislamu hutakiwa kuzikwa upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa huku hushika gurudumu na halitoki. Tumesukuma gari lenye maiti katika matope sisi wanaume wa kijiji, Wakristo kwa Waislamu, Mnandi na Mluo begani pamoja, na mjane amekaa ndani akilia. Hilo si jambo la kumfanyia raia ambaye babu yake alizikwa mita chache kutoka hapo.

Kikundi chetu cha maji kiliamua bomba lizunguke mbali na makaburi hayo, kwa gharama yetu wenyewe. Kama wanachama wasio na elimu ya upangaji wameweza kuliona, ofisi yenye wataalamu inaweza pia.

5. Waliozaliwa hapa wanaulizwa kwao ni wapi

Kijana aliyezaliwa kambini, na baba yake akazaliwa kambini, akienda kuomba kitambulisho huulizwa kata ya asili. Akisema ni hapa, hutazamwa jina, kisha huambiwa akalete barua ya chifu wa Vihiga au Kakamega. Huko hana shamba wala shangazi. Anakopa nauli, anaenda, anaambiwa na chifu wa huko kwamba hamjui, na chifu huyo anasema kweli. Bila kitambulisho hapati kazi kiwandani wala laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake, na hapigi kura.

Kwa Wanubi ni zaidi. Mnamo 22 Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Watoto wa wakati huo sasa ni watu wazima. Wenzetu hapa wanasema bado huitwa kuhojiwa na kuombwa vyeti vya babu, huku jirani wa kabila kubwa akimaliza shughuli hiyo asubuhi moja.

6. Lugha ya baraza na ya shule

Hili nalisema kwa ufupi. Mikutano ya kutoa maoni juu ya bajeti na mipango ya kaunti hufanywa kwa lugha moja ya hapa, bila mkalimani. Wanaotoka mapema ni wale wale kila mara. Kwenye madarasa ya chini, mwongozo wa lugha ya eneo, ambao nchi hii imekuwa nao tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu, unatoa nafasi ya Kiswahili mahali penye mchanganyiko. Shule yetu imehesabiwa kuwa haina mchanganyiko. Mtoto wa Kinubi na wa Kikisii wanaanza kusoma kwa lugha ambayo mama zao hawawezi kuwasaidia nayo jioni.

Waheshimiwa, nimesikia majibu yenu ya mdomo, na mengine nayatarajia. Niruhusuni nijibu mapema.

Mtasema kutaja makabila ni kuchochea ukabila. Hofu hiyo naijua, na hainitoki kwenye vitabu. Mnamo 29 Oktoba 1991 ghasia za kikabila zilianza katika shamba la Miteitei, Tinderet, si mbali na hapa, zikaenea katika mipaka hii yote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliungua tena, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ikahesabu vifo 1,133. Sisi tunajua maana ya mtu aliyeshika karatasi kusimama mlangoni na kuuliza kabila. Kuna majirani zangu ambao hadi leo hujibu “Mkenya” na kunyamaza. Sensa ya 2009 ilikuwa na watu 610,122 waliojiandikisha hivyo. Nawaheshimu, na haki yao hiyo ilindwe.

Lakini angalieni historia yenyewe. Sensa ya 1999 iliuliza kabila, kisha majedwali ya kabila hayakuchapishwa. Je, kuyaficha kulizuia ya 2007? Waliochoma nyumba hawakuhitaji jedwali; kila mtu alijua jirani yake ni nani. Aliyehitaji jedwali ni yule mnyonge aliyetaka kuthibitisha baadaye kwamba alikuwa akiishi pale. Wengi waliofukuzwa hapa mipakani walirudi wakaambiwa ni wageni. Hakukuwa na karatasi ya serikali iliyosema vinginevyo.

Mtasema pia kwamba sisi ni wachache mno, na mkichapisha idadi ya kata yetu, nyumba zitatambulika. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo iliyonifanya nifiche jina la kijiji. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya anayejibu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya mtu kuwa taarifa nyeti. Basi tumieni njia ambazo wataalamu wenu wanazijua: pale idadi ilipo ndogo sana, andikeni kwamba jamii hiyo ipo bila kutoa namba kamili. Kwa ajili ya makaburi, baraza na ajira, inatosha mpangaji kujua kwamba watu hao wapo. Siri imewekwa ili mtu asidhuriwe. Haikuwekwa ili asionekane.

Mtasema gharama. Kumwuliza mtu mzima swali lake mwenyewe hakuna gharama zaidi ya dakika chache.

Na mtasema sote ni Wakenya. Ndiyo, na ndiyo maana tunadai. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinataka jamii ndogo zishirikishwe katika uongozi, zipate nafasi za elimu na kazi, zikuze lugha na utamaduni wao, na zifikiwe na maji, afya na miundombinu. Nchi hii imeonyesha inaweza: Wamakonde walitambuliwa mwaka 2017, Wakenya wenye asili ya Asia mwaka huo huo, Washona wakapewa uraia mwaka 2020, Wapemba wakafuata 2023. Kila mara serikali ilipoamua kuwatazama watu waliokuwapo siku zote, iliwaona.

Tunachoomba ni haya.

Kwa wakuu wa sensa: sensa inayofuata inatarajiwa 2029, na matayarisho huanza miaka kabla. Wekeni katika mafunzo ya makarani kwamba kila mtu mzima aulizwe kabila lake mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na jibu lake lisomwe mbele yake kabla ya kuhifadhiwa. Mke asijaziwe la mume. Jina na lugha visitumike kukisia. Atakayesema ni wa pande mbili aandikwe zote mbili, na atakayesema Mkenya tu aachwe hivyo. Lugha iulizwe peke yake. Karani wa kijiji kama chetu achaguliwe miongoni mwa wanaokijua, na afuatane na mzee wa jamii ndogo pale wenyewe watakapoomba. Kisha matokeo ya makabila yatolewe hadi ngazi ya kata, kwa ulinzi wa siri niliousema.

Kwa wakuu wa kaunti, hatuwezi kungoja 2029. Ondoeni kipande cha makaburi kwenye orodha ya ardhi isiyotumika, kipimwe, na kiandikishwe kuwa ardhi ya umma ya kuzikia kabla mashine yoyote haijaingia. Hili tunaliomba kwanza, na tunaliomba kwa haraka. Tangazeni muundo wa kikabila wa wafanyakazi wenu katika wadi yetu, pamoja na maelezo ya jinsi asilimia 30 inavyotimizwa. Mikutano ya kutoa maoni ifanywe kwa Kiswahili, na mkalimani awepo kwa wazee. Pelekeni suala la lugha ya madarasa ya chini kwa wanaosimamia elimu, na wazazi waulizwe.

Kwa machifu: aliyezaliwa katika kata hii ni wa kata hii. Mwandikieni barua ya kitambulisho hapa hapa. Kliniki ina kadi yake na shule ina jina lake, na ninyi mnamjua kwa sura.

Pamoja na barua hii tumewasilisha ombi rasmi chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tukitaka nakala ya mpango wa ardhi na chanzo cha takwimu zilizotumika kuuandaa. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Zikipita bila jibu, tutapeleka lalamiko kwa tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, kama sheria hiyo inavyoelekeza, na wazee walioweka dole gumba kwenye barua ya kwanza wamekubali kwenda wenyewe kutoa ushahidi.

Tuko tayari kuwapokea wakati wowote. Anayekuja kukagua makaburi atapata watu wa kumwonyesha kaburi moja moja na jina la aliyelala humo.

Wenu mtiifu,

Mkulima wa miwa na Katibu wa Kikundi cha Maji,
kwa idhini ya mkutano wa kijiji